Samaki, panzi, chura au hamira? Kuchagua kiumbe cha kufundishia upumuaji jijini Dar es Salaam

Mwalimu wa sayansi, mlezi wa klabu ya wanafunzi au mzazi anayetaka kumwonyesha mwanawe jinsi viumbe wanavyopumua hana shida ya kupata mifano katika jiji la Dar es Salaam. Shida yake ni kuchagua, kwa sababu viumbe wanaofaa ni wengi na wengi wao ni wa bei nafuu au hawauzwi kabisa, ilhali muda wa kipindi, wingi wa wanafunzi na uchache wa vifaa haviruhusu kuwaonyesha wote. Makala haya yanawalinganisha wale wanaopatikana sokoni, bustanini, jikoni na kwenye madimbwi ya jiji kwa kutumia kipimo kimoja: je, mwanafunzi akishamtazama kiumbe huyo, ataweza kueleza kwa maneno yake oksijeni inaingilia wapi na inafikaje kwenye seli iliyo ndani kabisa ya mwili? Kiumbe anayevutia macho lakini asiyesaidia kujibu swali hilo amewekwa nyuma, hata kama vitabu vingi vimemchora ukurasa mzima.

Inafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni kitendo cha kuingiza na kutoa hewa au maji, ambacho tunakiona kwa macho: mbavu zinapanuka, mashavu ya samaki yanafunguka na kufunga, tumbo la panzi linadunda. La pili ni kazi inayofanyika ndani ya seli, ambamo sukari huvunjwa ili kupata nishati, kwa kawaida kwa kutumia oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi na maji. Katikati ya mambo hayo mawili upo utando mwembamba wenye unyevu, ambao gesi huupenya zenyewe kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache. Tofauti kubwa kati ya wanyama ni mahali walipouweka utando huo na namna wanavyousafirisha mzigo baada ya kuuvuka.

Samaki na panzi

Ikiwa fedha na muda vinatosha viumbe wawili tu, ninapendekeza samaki na panzi, tena wawekwe meza moja, kwa sababu wamelitatua tatizo lilelile kwa njia zilizo kinyume.

Samaki anaishi mahali penye oksijeni haba. Lita moja ya hewa ina takriban mililita 210 za oksijeni, lakini lita moja ya maji ya bahari yenye joto la pwani yetu haina hata mililita 5, na maji ya mto au ya bwawa yana zaidi ya hapo kwa kiasi kidogo tu. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo oksijeni inavyopungua ndani yake, wakati ambapo samaki mwenyewe anaihitaji zaidi. Isitoshe, maji yana uzito wa takriban mara 800 ya hewa ya ujazo uleule, kwa hiyo kuyavuta ndani, kuyasimamisha na kuyarudisha nje kwa njia ileile kungemgharimu samaki nguvu nyingi mno. Ndiyo maana huyaingiza kwa mdomo na kuyatolea nyuma ya kifuniko cha shavu, mkondo ukienda upande mmoja bila kugeuka. Chini ya kifuniko hicho, kila upande wa kichwa, samaki mwenye mifupa ana pinde 4 zinazobeba matamvua, na kila utamvua una safu za nyuzi nyekundu zenye vikunjo vidogo visivyoonekana vizuri bila kukuzwa.

Ndani ya vikunjo hivyo damu hutembea kinyume na mwelekeo wa maji, na hapa mwalimu asiwe na haraka, kwa kuwa wanafunzi wengi huukariri mpangilio huu bila kuuelewa. Damu iliyokaribia kutoka kwenye kikunjo, ambayo tayari imebeba oksijeni nyingi, hukutana na maji mapya ambayo bado yana oksijeni zaidi yake. Damu inayoingia, ambayo ina oksijeni kidogo, hukutana na maji yaliyokwisha kunyang'anywa sehemu kubwa ya oksijeni yake lakini bado yanaizidi. Kwa hiyo kila mahali katika safari hiyo oksijeni ina sababu ya kuhama kutoka kwenye maji kwenda kwenye damu. Lau damu na maji vingetembea upande mmoja, vingelingana njiani na uhamaji ungesimama. Kwa utaratibu huu samaki anaweza kutwaa hadi asilimia 80 ya oksijeni iliyomo katika maji yanayopita, ilhali binadamu huvuta hewa yenye asilimia 21 ya oksijeni na kuitoa ikiwa bado na asilimia 16 hivi, yaani hutwaa takriban robo tu.

Anayekwenda soko la samaki la Feri asubuhi kwa ajili ya somo hili anunue samaki mzima ambaye hajatolewa mashavu, na afunue kifuniko kabla ya kulipa: matamvua mekundu yanayong'aa ni ya samaki mbichi, na yaliyogeuka kahawia au kijivu hayafai kupikwa wala kufundishia. Changu anafaa kuliko kibua, ingawa kibua huwa rahisi zaidi, kwa sababu kibua ana miiba mirefu laini upande wa ndani wa kila upinde, kazi yake ikiwa ni kuchuja chakula kwenye maji, na wanafunzi wengi huitazama miiba hiyo wakadhani ndiyo matamvua. Anayepata kichwa cha jodari amepata bahati, kwa kuwa matamvua yake ni makubwa na darasa zima linaweza kuyaona. Na hapo kuna jambo la kuongezea, kwamba jodari hupitisha maji kwenye matamvua kwa kuogelea mdomo ukiwa wazi, hivyo akizuiwa kwenda mbele hukosa pumzi akiwa majini.

Jaribio lenye faida kubwa kuliko yote halihitaji kifaa chochote zaidi ya mkasi, kibano na beseni jeupe la maji. Kata upinde mmoja wa matamvua, uoshe damu taratibu, kisha uutumbukize majini: nyuzi zitatawanyika, kila mmoja ukisimama peke yake, na maji yakitikiswa zitayumba. Uinue upinde huohuo hewani na nyuzi zote zitanyong'onyea, zitagandana na kuwa bonge moja jekundu. Mwanafunzi akilirudia tendo hilo mara mbili au tatu kwa mkono wake, hatahitaji kuelezwa kwa nini samaki anayelala kwenye meza ya mchuuzi, akiwa amezungukwa na oksijeni nyingi kuliko aliyopata kuwa nayo baharini, hufa kwa kukosa pumzi. Sehemu ya kupokelea oksijeni imejikunja na kubaki ndogo, na baada ya muda inakauka.

Panzi hana matamvua, hana mapafu, na damu yake haibebi oksijeni. Kwenye ubavu wake kuna jozi 10 za vitundu vya kupumulia, 2 kifuani na 8 tumboni, na kutoka katika kila kitundu huanzia mirija ya hewa inayogawanyika na kugawanyika tena mpaka ncha zake zinazifikia seli zenyewe. Tofauti yake na samaki inaeleweka upesi kwa mkazi wa jiji hili: mtaa mmoja umevutiwa bomba hadi ndani ya kila nyumba, na mtaa mwingine unaletewa maji kwa madumu juu ya mkokoteni. Panzi amevuta bomba. Samaki, sawa na sisi, anategemea mkokoteni, na mkokoteni huo ni damu yenye hemoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni. Ndiyo sababu damu ya panzi haina wekundu ule tunaouzoea.

Mweke panzi ndani ya chupa angavu yenye kifuniko kilichotobolewa, umwache atulie, kisha uwaambie wanafunzi watazame tumbo na si mdomo. Litakuwa likijibana na kupanuka kwa mpigo unaohesabika, na panzi aliyetoka kuruka huongeza kasi. Hewa huingia zaidi kwa vitundu vya mbele na kutokea vya nyuma. Kwa lenzi ya mkono vitundu vyenyewe huonekana vizuri pembeni mwa tumbo, kimoja kwa kila pingili. Aliye na panzi aliyekwisha kufa na anayetaka kuona mirija, ampasulie ndani ya maji: mirija iliyojaa hewa hung'aa kwa rangi ya fedha katikati ya nyama, na mwanga wa dirishani unatosha kuionyesha. Marcello Malpighi wa Italia aliieleza mirija ya namna hiyo katika nondo wa hariri mwaka 1669, akitumia hadubini ambayo leo tungeiona duni.

Kasoro ya panzi ni upatikanaji. Pembezoni mwa jiji, kuanzia Bunju na Kibamba hadi Chanika, nyasi zipo na panzi wapo, hasa mvua za masika zinapokuwa zimenyesha. Katikati ya Kariakoo au Upanga mwalimu anaweza kuzunguka nusu siku bila kumpata hata mmoja. Mende anaweza kuchukua nafasi yake, kwa kuwa naye ana jozi 10 za vitundu na mirija ya namna ileile, ila hapumui kwa mpigo unaoonekana waziwazi namna ya panzi, na wanafunzi wengine watakimbia meza. Sipendekezi lile jaribio la kumzamisha panzi tumbo huku kichwa kikiwa nje ili kuthibitisha kwamba hapumui kwa mdomo. Kuhesabu mpigo wa tumbo kunathibitisha jambo hilohilo bila kumtesa.

Mipaka ya mfumo wa panzi inafaa kuguswa kidogo. Oksijeni husafiri hewani kwa kasi kubwa mno kuliko majini, kwa hiyo mirija hiyo inafanya kazi vizuri katika mwili mdogo. Mwili ukikua sana, njia zinakuwa ndefu na mirija inadai nafasi kubwa. Miaka milioni 300 hivi iliyopita, hewa ilipokuwa na oksijeni nyingi kuliko sasa, waliishi wadudu wa jamii ya kereng'ende, Meganeura, wenye mabawa yaliyotanda takriban sentimita 70, na wanasayansi kadhaa wanauhusisha ukubwa huo na wingi wa oksijeni, ingawa mjadala haujafungwa.

Viluwiluwi vya mbu, kwa asiye na fedha

Kama panzi hapatikani na samaki ameshindikana, bado jiji lina mdudu ambaye hakosekani. Chota maji yaliyotuama kwenye tairi bovu, ndoo iliyosahaulika au mtaro, uyaweke ndani ya chupa angavu na uifunge mdomo kwa kipande cha chandarua. Viluwiluwi vitapanda juu ya maji, vitatulia, na vikishtuliwa vitazama kwa kujipindapinda kisha kurudi juu baada ya muda. Viluwiluwi vya mbu wa jamii ya Culex na Aedes huning'inia kichwa kikiwa chini, vikiwa vimetoboa uso wa maji kwa mrija mfupi ulio karibu na mkia. Vya Anopheles, anayeeneza malaria, havina mrija huo na hulala sambamba na uso wa maji. Kwa hiyo namna ya kupumua inamwezesha mtoto kutambua aina ya mbu kwa kutazama tu mkao wa kiluwiluwi, jambo lenye manufaa katika jiji ambalo mbu aina ya Aedes wamelisumbua kwa homa ya dengue, ikiwemo milipuko ya mwaka 2014 na 2019.

Tone la mafuta ya kula likitandaa juu ya maji, viluwiluwi haviwezi tena kuipata hewa na hufa, ingawa maji waliyomo yana oksijeni. Mwanafunzi atakuwa ameona kwamba kuishi majini hakumaanishi kupumua maji. Mwalimu ahakikishe jaribio limekwisha ndani ya siku chache na maji yamemwagwa kwenye udongo mkavu, kwa sababu katika joto la hapa kiluwiluwi hakichukui muda mrefu kuwa mbu anayeruka.

Wanaopumua kwa ngozi, na kwa nini chura amewekwa nyuma

Nyungunyungu ndiye wa kwanza kutajwa kati ya wanaotumia ngozi. Hana kiungo chochote cha kupumulia. Oksijeni hupenya ngozi yenye ute na kuingia kwenye damu yenye hemoglobini iliyoyeyuka moja kwa moja ndani ya majimaji yake, bila chembechembe nyekundu. Ngozi ikikauka, pumzi inakwisha. Anapatikana kwenye udongo wenye unyevu wa bustani za mchicha mabondeni. Kwa kipimo chetu anajibu swali vizuri, lakini haonyeshi tendo lolote la kupumua, na darasa la watoto 70 huchoka upesi kumtazama mnyama ambaye hafanyi kitu. Apewe wanafunzi wachache wenye subira na lenzi, ambao wataona mshipa mkubwa wa mgongoni ukipiga taratibu chini ya ngozi.

Konokono mkubwa wa bustanini, yule anayetapakaa msimu wa mvua, ni chaguo ambalo walimu wengi hulisahau. Anapotambaa, tazama upande wa kulia wa mwili wake, karibu na ukingo wa gamba: kuna tundu moja ambalo hufunguka polepole, hubaki wazi kwa kitambo, kisha hujifunga. Hilo ndilo lango la pafu lake, na kulifunga humpunguzia upotevu wa maji. Hakuna cha kukata wala cha kununua, na tendo lenyewe ni la polepole kiasi kwamba mtoto mdogo anaweza kulichora. Wote waliomshika wanawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa konokono hawa huweza kubeba vimelea.

Chura ana historia ndefu maabara. William Harvey alieleza mzunguko wa damu mwaka 1628 bila kuona mahali ateri inapoungana na vena, na ni Malpighi huyohuyo aliyeiona mishipa midogo ya kapilari katika mapafu ya chura mwaka 1661. Namna zake za kupumua ni nyingi: akiwa mchanga hutumia matamvua majini, na akikua hutumia mapafu, ngozi na utando wa ndani ya kinywa, huku sehemu kubwa ya kabonidayoksaidi ikitokea kwenye ngozi. Hana kiwambo cha kutenga kifua na tumbo wala mbavu za kupanua kifua, kwa hiyo huijaza hewa kinywani, hufunga matundu ya pua na kuisukumiza mapafuni kwa kuinua sakafu ya kinywa. Koo linalodunda mfululizo, ambalo wengi hulidhani kuwa ni mapafu yanayofanya kazi, mara nyingi huwa linabadilisha hewa ya kinywani tu. Mapafu hujazwa mara chache zaidi.

Wingi huo ndio unaomfanya awe mfano mbaya wa kuanzia, kwa sababu mwanafunzi huondoka na njia nne kichwani bila kuielewa hata moja. Sababu ya pili ni kwamba ngozi inayopitisha gesi hupitisha pia sumu, na mikono yenye dawa ya mbu inaweza kumdhuru. Tanzania inao mfano wake wa udhaifu huo: chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja la milima ya Udzungwa, alipungukiwa na manyunyu ya maporomoko baada ya bwawa la umeme kujengwa, ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura ukampata, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliokuwa wakizalishwa katika bustani za wanyama za Marekani ndio walioiokoa jamii hiyo, na mwaka 2010 kundi la kwanza lilirejeshwa katika kituo kilichoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chura wa uani na atazamwe usiku kwa tochi, wanafunzi wahesabu midundo ya koo lake, kisha aachwe aende zake.

Kuku, mbuzi na mwanafunzi mwenyewe

Yeyote aliyewahi kumtengeneza kuku anajua kwamba mapafu yake hayatoki pamoja na matumbo, bali hubaki yamenasa katikati ya mbavu mpaka yakwanguliwe kwa kidole. Usumbufu huo wa jikoni ndio mwanzo mzuri wa somo. Mapafu ya ndege hayatanuki sana. Kazi ya kusukuma hewa imeachiwa vifuko vyepesi vya hewa, kwa kawaida 9, vilivyotandazwa mwilini, ambavyo huipitisha hewa kwenye mapafu upande mmoja, iwe ndege anavuta au anatoa pumzi. Pumzi moja huchukua mizunguko miwili ya kuvuta na kutoa hadi itoke nje. Mfumo huu ndio unaowawezesha ndege kumudu mahali ambapo sisi tungezimia: mwaka 1973 tumbusi wa aina ya Rüppell, jamii inayopatikana pia Serengeti, aligongana na ndege ya abiria karibu na Abidjan katika kimo cha takriban mita 11,300. Hata hivyo vifuko hivyo huchanika mara tu kuku anapopasuliwa na mtu asiyezoea, kwa hiyo kwa macho ya mwanafunzi hakuna kinachobaki zaidi ya mapafu bapa. Nadharia yake ni tajiri kuliko vitendo vyake.

Mapafu ya mbuzi, au kipande cha ng'ombe kutoka kwa wauza mapupu, ni kinyume chake: nadharia inajulikana, lakini vitendo vinavutia. Omba bucha akuachie koromeo lote na asitoboe pafu. Koromeo lina pete ngumu zinazolizuia lisizibe. Kipande cha pafu kikikatwa na kutupwa majini huelea, kwa sababu ndani yake kuna vifuko vingi mno vya hewa. Kwa binadamu vifuko hivyo ni mamia ya mamilioni, na eneo lake likitandazwa hukadiriwa kufika mita za mraba 70 hivi. Ukitaka kulijaza pafu hewa, tumia pampu ya baiskeli na mpira, kamwe usipulize kwa mdomo.

Mwanafunzi mwenyewe ni kielelezo cha bure. Ahesabu pumzi zake kwa dakika akiwa ametulia, akimbie kuzunguka uwanja, ahesabu tena.

Viumbe sahili: amiba, hamira na bakteria

Amiba anapumua kwa uso wake wote, kwa kuwa ni seli moja ndogo na hakuna sehemu yake iliyo mbali na maji. August Krogh wa Denmark, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920, ni miongoni mwa walioonyesha kwa hesabu kwamba upenyaji wa gesi peke yake unatosheleza miili midogo tu, ya kadiri ya milimita 1. Zaidi ya hapo mnyama anahitaji umbo bapa, mirija au damu. Hoja hiyo inawaelezea viumbe wote waliotangulia kutajwa, na ningependa kila mwanafunzi aijue. Lakini amiba anadai hadubini, na hata ikiwepo, jambo linaloonekana likidunda ndani yake ni kifuko cha kutolea maji ya ziada, ambacho wanafunzi hukiandika kuwa ni cha kupumulia. Asiyeweza kusimamia kila hadubini amwache.

Hamira haina dosari hiyo. Pakiti ya dukani, sukari vijiko viwili, maji ya uvuguvugu, chupa tupu ya maji ya kunywa na puto vinatosha. Puto likivalishwa mdomoni mwa chupa huanza kusimama, na gesi yake ikipitishwa kwenye maji ya chokaa huyafanya yawe meupe, ishara ya kabonidayoksaidi. Penye oksijeni hamira huivunja sukari mpaka mwisho na kupata nishati nyingi. Oksijeni ikikosekana hufanya uchachushaji na kutoa alkoholi pamoja na gesi hiyo, ikipata molekuli 2 tu za ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, kwa kila molekuli ya glukosi, yaani sukari, badala ya 30 hivi. Wale wanaofikiri kupumua ni kazi ya pua na kifua tu husahihishwa na chupa hii kuliko na maelezo yoyote.

Shule zilizo karibu na mikoko zina nyongeza. Matope meusi ya huko hunuka yai bovu kwa sababu bakteria wanaoishi humo bila oksijeni hutumia salfeti ya maji ya bahari mahali pake na kutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni. Hata upande wa wanyama kuna aliyejitoa kwenye kanuni: mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba Henneguya salminicola, kimelea kidogo cha samaki aina ya salmoni, amepoteza jeni za mitokondria, sehemu za seli zinazotumia oksijeni, na hawezi kutumia oksijeni kupata nishati. Huyo atajwe kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, wadogo atawavuruga.

Mpangilio wa kipindi

Kwa shule ya msingi ningechukua konokono na hamira, pamoja na hesabu ya pumzi za wanafunzi wenyewe. Kwa sekondari yenye fedha kidogo ningechukua changu na panzi, na panzi akikosekana, viluwiluwi. Kambale na kamongo wahifadhiwe kwa kipindi kinachofuata, baada ya matamvua kueleweka: kambale ana kiungo chenye matawi juu ya matamvua kinachomwezesha kuchota hewa, na kamongo ana mapafu na hufa majini akizuiwa asifike juu. Wakiletwa siku ya kwanza watafuta kila ambacho changu alikifundisha.

Hamira ichanganywe kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa huchukua nusu saa hivi kulisimamisha puto, na panzi awekwe ndani ya chupa wakati huohuo ili apate muda wa kutulia. Samaki afuate, kila kundi likipewa upinde wake wa matamvua na beseni lake, kwa sababu upinde mmoja ukizungushwa darasa zima hufika kwa kundi la mwisho ukiwa umekauka na nyuzi zake hazitawanyiki tena.